Muhogo wa Alhamisi

Sanduku la Wiki ya Haki lilifika shuleni Jumatatu juu ya pikipiki, limefungwa kwa mpira wa tyubu. Ndani mlikuwa na vijitabu vya namna tatu: vya kijani kwa watoto wa chini, vya buluu kwa wa kati, vyekundu kwa wakubwa. Somo lilikuwa moja kwa wote, haki ya kuishi na haki ya kusikilizwa. Tofauti ilikuwa ukubwa wa herufi na wingi wa picha.

Bi Pamela, mwalimu mkuu, alimwita Ngowa ofisini.

"Wewe ndiye wa Masomo ya Jamii," alisema. "Gredi ya pili kesho, ya sita Jumatano, ya tisa Alhamisi. Ukimaliza unaniandikia ripoti." Akakohoa kidogo. "Ukiona vigumu, mwalimu, nitampa Laban."

"Vigumu kwa nini?"

Bi Pamela alivipanga upya vijitabu ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. "Haya, basi sawa," alisema.

Kakuyuni nzima ilijua kwa nini. Mwaka mmoja na miezi miwili nyuma, mtoto wa Mwambire, kaka yake Ngowa, alikuwa amefariki. Aliitwa Dena na alikuwa na miaka minne. Cheti cha hospitali kilisema malaria iliyopanda kichwani. Watu wa nyumbani walisema muhogo. Jirani mmoja alieleza kwamba Alhamisi jioni, giza likianza kuingia, aliona kichwa cheupe kikimwinamia mtoto uani na kumpa kipande cha muhogo wa kuchemsha. Kabla ya kucha mtoto alishikwa na homa, na Jumamosi akafa. Kichwa cheupe kilichokuja midomoni mwa watu kilikuwa cha Mzee Mwaringa, babu yake mtoto na baba wa Mwambire na Ngowa, mwenye miaka sabini na minane. Sehemu zile, mvi za namna ile ni nusu ya ushahidi.

Familia ilikaa siku ya tatu ya matanga. Mzee alisema kwamba Alhamisi hakuwepo nyumbani. Alimtazama Ngowa. Ngowa alitazama chini.

Ukweli ni kwamba Alhamisi hiyo mzee alikuwa Malindi, kliniki ya macho, na aliyempeleka ni Ngowa. Foleni ilikuwa ndefu, wakalala kwa mwalimu mmoja aliyesoma na Ngowa chuoni, wakarudi Ijumaa adhuhuri na kukuta mtoto ameshapelekwa hospitali. Nyumba ya mzee ilikuwa peke yake nyuma ya minazi, na hakuna aliyekuwa akifuatilia kuingia na kutoka kwake. Ngowa alilijua jambo hilo kama anavyolijua jina lake, na hakulisema. Viatu vya Mwambire vilikuwa bado na udongo wa kaburi. Vijana wenye mapanga walikuwa wamesimama langoni. Aliyemtetea mtuhumiwa alihesabiwa mshirika wake. Zilikuwa sababu tatu, zote za kweli, na Ngowa alikuwa amezipitia mara nyingi bila kupata kosa ndani yake.

Mzee alipelekwa kwenye kituo nje ya mji wa Malindi, walikoishi wazee wengine kumi na sita waliofukuzwa kwao kwa tuhuma ya uchawi kama yake. Sasa kituo kilikuwa kimejaa, na Zeina, msimamizi wake, alikuwa akiwaandikia jamaa walio tayari kuwarudisha watu wao. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo familia ingekaa tena. Fomu ya kumpokea mzee ilitaka sahihi za wanawe wote wawili. Mwambire alikuwa amesema hasaini mpaka baba ale kiraho, yaani aape kwa kula kipande cha papai mbele ya mganga. Mwenye hatia huvimba, asiye na hatia hurudi nyumbani. Papai huwa limetiwa dawa ambayo mganga pekee ndiye anayeijua. Wazee wa umri wa Mwaringa walikuwa wamewahi kuvimba.

Gredi ya pili walikuwa arobaini na wanane. Kijitabu cha kijani kiliagiza kwamba kila mtoto achore nyumba yao na aweke ndani watu wote wenye haki ya kuishi humo. Ngowa alipita kati ya madawati akitazama mabati, kuku, mama wenye vichwa vikubwa.

Kahonzi, binti wa Mwambire, alikaa dawati la tatu. Alikuwa amewachora baba, mama, shangazi wa baba yake aliyeitwa Wangu, na mbuzi, wote ndani. Mtu mmoja alikuwa nje, upande wa kulia.

"Huyu nani?" Ngowa aliuliza.

"Tsawe," alisema Kahonzi, kwa maana ya babu.

"Mbona yuko nje?"

"Ndani kumejaa."

"Hapa kuna nafasi, karibu na mbuzi."

Kahonzi alipatazama pale, akapima kwa kidole. "Baba hatapenda," alisema.

Msichana aliyekaa naye alisogeza kichwa kuangalia. "Na umemwacha na nywele nyeupe," alisema. "Mpake nyeusi. Ukimwacha hivyo watamuua." Aliisema kama anayemkumbusha mwenzake kuchonga penseli. Kahonzi alichukua krayoni nyeusi akampaka babu yake kichwa kizima, kwa uangalifu, bila kutoka nje ya mstari.

Kijitabu kilisema kila mchoro upewe nyota. Ngowa aliweka nyota.

Gredi ya sita walikuwa wameshakariri. Alipouliza kifungu cha ishirini na sita cha Katiba kinasemaje, walijibu kwa sauti moja kwamba kila mtu ana haki ya kuishi. Kifungu cha hamsini na saba? Wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Walisema kama wimbo, wakimeza silabi zile zile mahali pale pale.

"Sasa nipeni mifano," alisema Ngowa. "Haki ya mtu kuishi inavunjwa vipi?"

Mikono iliinuka. Wezi wa mifugo huko kaskazini. Watumwa waliouzwa zamani. Vita vya nchi za nje. Msichana mmoja alitaja meli iliyozama ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

"Karibu zaidi," alisema Ngowa. "Hapa kwetu."

Mikono ilishuka. Watoto walivitazama vijitabu vyao, na hakuna aliyegeuza ukurasa. Mtoto mmoja wa mbele akaanza kuinua mkono, jirani yake akaukanyaga mguu wake chini ya dawati, mkono ukarudi. Ngowa aliona mguu ukikanyagwa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kutoka miaka saba ya gredi ya pili hadi kumi na mbili ya hawa, miaka mitano. Ndani ya miaka hiyo mtoto alikuwa ameshafundishwa jambo ambalo halimo katika kijitabu chochote, na amelifaulu.

"Barabarani," alisema msichana wa meli, ili kumwokoa mwalimu. "Pikipiki zinagonga watu."

"Vizuri," alisema Ngowa, akaandika pikipiki ubaoni.

Gredi ya tisa walikuwa na miaka kumi na minne, kumi na mitano, na baadhi ya wavulana walinyoa ndevu. Hao hawakuogopa maneno, kwa sababu walikuwa wamegundua kwamba ukitumia lugha ya sheria unaweza kusema lolote bila kumtaja mtu.

"Mwalimu," alisema Oliver, aliyependa kusimama anapozungumza, "kifungu cha hamsini kinasema mtu akishtakiwa ana haki ya kusikilizwa. Tuchukue mtu ameshtakiwa uchawi. Akipelekwa kula kiraho, si ndiyo amesikilizwa?"

"Kusikilizwa ni kuulizwa," alisema Emily kutoka nyuma. "Si kulishwa papai."

Darasa lilicheka.

"Mahakama ya Malindi wewe utafika na nini?" Oliver alimgeukia. "Hiyo ndiyo mahakama tuliyo nayo."

"Basi siku ukiiba simu tukulishe papai."

"Na mshtakiwa asipokubali kula?" Oliver aliuliza.

"Halazimishwi. Ana haki ya kunyamaza, imo humo humo, soma." Emily aligonga kijitabu chekundu. Kisha akamwangalia Ngowa, si kwa ukali. "Mwalimu, nina swali. Kama kuna mtu alikuwepo, na anajua mshtakiwa hakufanya, akanyamaza. Naye ana haki hiyo?"

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Ngowa alifungua kijitabu ingawa hakukihitaji.

"Haki ya kunyamaza ni ya mshtakiwa," alisema. "Kifungu kinamtaja mshtakiwa."

"Na shahidi?"

"Hakimtaji."

"Kwa hiyo hana?"

"Nimesema hakimtaji, Emily."

Emily aliandika hivyo. Ngowa alimwona akiandika, neno kwa neno, na kupiga mstari chini. Kengele ilipigwa. Kwenye ripoti, mahali palipoandikwa maswali ya wanafunzi, Ngowa aliandika swali hilo kama lilivyoulizwa, kwa sababu ndivyo fomu ilivyotaka.

Ijumaa alipewa ruhusa, akaenda Malindi. Kabla ya kufika kituoni alipitia duka la Habib, mtaa wa Shella.

"Salaam aleikum."

"Wa aleikum salaam, mwalimu. Za siku nyingi? Za Kakuyuni?"

"Njema. Nataka rangi ya nywele. Nyeusi."

Habib alimtazama kichwa. "Wewe bado kijana, rangi ya nini? Au unaongeza mke?"

"Ni ya mzee."

"Ah." Habib alipanda kibao, akashusha pakiti. "Hii inatoka sana kwa watu wa kwenu. Mwanzo nilidhani kule kuna harusi kila wiki." Aliifuta vumbi kwa kiganja. Alifikiri kidogo, kisha akashusha ya pili. "Chukua mbili. Mvi haina adabu, wiki mbili tu inachungulia tena mizizini."

Kituoni, Zeina alimpa kiti na beseni na akaenda kushughulikia chakula cha wazee. Mzee Mwaringa alikaa bila shati huku mwanawe akimpaka kwa mswaki wa zamani. Alikuwa amekonda, lakini macho yaliyotibiwa yalikuwa mazuri.

"Unanifanya bwana harusi," alisema.

"Ukae hivyo nusu saa, baba. Usijikune."

"Mwambire ataniona ataniita ndugu yake mdogo." Alijikuna nyuma ya sikio. "Lile papai nitakula, Ngowa. Usihangaike. Nimechoka kulala na watu kumi na sita wanaokoroma."

Ngowa alisoma maelezo ya pakiti. Yalisema isitumike kwenye ngozi yenye kidonda. Alikagua kichwa cha baba yake, hakikuwa na kidonda.

Kikao kilikaa Jumamosi saa tatu asubuhi katika baraza ya Mwambire. Mzee Sanga, binamu wa baba yao, ndiye aliyekiongoza, kwenye kiti cha plastiki. Wengine walikaa kwenye mikeka. Shangazi Wangu, dada mkubwa wa Mzee Mwaringa, mwenye miaka themanini na kitu, alikaa karibu na mlango wa jikoni na leso yake mabegani, akichambua mchele, kwa sababu baada ya kikao watu wangekula. Ndiye aliyewalea Mwambire na Ngowa mama yao alipofariki.

Mzee Mwaringa aliingia na kichwa cheusi ti, cheusi kuliko cha wanawe. Watu waliacha kuzungumza. Shangazi Wangu peke yake alikwenda kumwamkia ndugu yake kwa mkono.

"Shikamoo, baba," alisema Mwambire.

"Marahaba, mwanangu."

"Kule kituoni wanawapa dawa ya ujana, au ni maji ya kule?" Watu wawili walicheka puani. Mwambire hakucheka. "Baba, mtu asiye na la kuficha anafichia nini kichwa?"

Hilo Ngowa hakuwa amelifikiria. Alikuwa amefikiria kwamba wataona kichwa cheusi na hasira itapungua, kama vile mtu anavyofunika sufuria. Aliwatazama wale waliokaa akaona wote wameelewa upande ule mwingine.

"Nilijipaka mwenyewe," alisema Mzee Mwaringa. "Uzee una aibu zake."

Mzee Sanga alitikisa kichwa polepole. "Kaka, umetuongezea kazi. Sasa hata mimi niliyekuwa nasema tumalize kwa maneno, naona kiraho hakina budi. Mganga yuko tayari Jumatatu. Unasemaje?"

"Nitakula," alisema mzee.

Hakumtazama Ngowa. Safari hii alitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa na madoa meusi kwenye vidole alipojikuna.

Ngowa alisikia sauti yake kabla ya kuamua. Ilikuwa ile ile ya darasani.

"Rangi nilinunua mimi. Duka la Habib, Shella, jana. Nilimpaka mimi. Hilo la kwanza." Alingoja kama mtu anayengoja darasa liandike. "La pili. Alhamisi ile baba alikuwa Malindi, kliniki ya macho. Nilimpeleka mimi. Kadi ya kliniki hii hapa, tarehe imepigwa muhuri. Tulilala mjini. Tulirudi Ijumaa adhuhuri. Muhogo wa Alhamisi jioni hangeweza kuutoa yeye."

Kadi ilipita mkono kwa mkono hadi kwa Mzee Sanga, ambaye aliisogeza mbali na uso, akaisoma, akaipindua, akamkabidhi Mwambire. Mwambire aliishika muda mrefu kuliko inavyohitaji kadi.

"Ulikuwa nayo siku ya matanga?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Ngowa alizitafuta zile sababu tatu. Zilikuwepo zote. "Niliogopa," alisema.

Mwambire alikunja kadi, akaikunjua. Alikuwa mtu wa kulima, mwenye haki katika mambo ya mipaka, asiyechukua hata nazi iliyoangukia upande wake. Alisimama, akaenda mbele ya baba yake, akapiga goti. "Nilikutukana, baba," alisema. "Mbele ya watu." Mzee alimwekea mkono begani. Mwambire aliitisha fomu, akatia sahihi juu ya goti, na Ngowa akatia sahihi chini yake. Kikao kilikuwa kimefikia mwisho wake mwema, na ingekuwa haki kuishia hapo na kula.

Lakini Mzee Sanga hakuwa amesimama.

"Sawa," alisema. "Hilo limekwisha, na tumshukuru Mungu. Sasa, jirani aliona kichwa cheupe. Jirani si mwongo. Mwaringa hakuwepo. Basi ni kichwa cha nani?"

"Mzee," alisema Ngowa, "cheti kinasema malaria. Ninacho pia."

"Malaria tunaijua, mwalimu. Hatuulizi iliitwaje. Tunauliza ilitumwa na nani."

"Haikutumwa."

"Haya," alisema Mzee Sanga kwa upole, kama unavyomjibu mtu ambaye amekwisha kufanya kazi yake.

Hakuna aliyetaja jina. Ngowa aliona vichwa vikigeuka kimoja baada ya kingine, bila chuki, kwa hesabu tu, kuelekea mlango wa jikoni. Katika boma lile vichwa vyeupe vilikuwa viwili. Alhamisi ilikuwa siku ya shangazi Wangu ya kuchemsha muhogo wa kupeleka sokoni. Hilo lilijulikana na kila mtu na halikuwa na maana yoyote hadi asubuhi ile. Mkono wa shangazi ulisimama ndani ya ungo. Kisha ukaokota punje ya jiwe, ukaitupa uani, na kuendelea. Mkono wa pili uliinua leso kutoka mabegani na kuifunika kichwani.

"Tule kwanza," alisema Mwambire, akitazama mahali pengine. "Hilo lina siku yake."

Walikula. Wali ulikuwa mzuri na watu waliusifu, ingawa Ngowa aligundua kwamba wawili walioketi karibu na Mzee Sanga walisubiri mpishi ale tonge la kwanza. Shangazi alilila mbele yao, akatafuna, akafungua kinywa kidogo kuwaonyesha kwamba amemeza. Baada ya hapo waliaga kwa heshima zote.

Saa nane hivi Ngowa alikuwa nyuma ya nyumba akinawa. Shangazi Wangu alimfuata na beseni tupu.

"Mwanangu," alisema, "ile ya baba yako, ilibaki?"

Ngowa alikausha mikono kwa suruali. "Ipo pakiti nzima," alisema.

"Nilijua. Wewe tangu mdogo ukitumwa kimoja unaleta viwili."

Alikaa kwenye kigoda na kuvua leso. Nywele zilikuwa chache na laini, na ngozi ilionekana chini yake. Ngowa alichanganya rangi kwenye kifuu cha nazi, akaanza na upande wa shingo. Kahonzi alikuja akasimama kando, akitazama kazi ile kwa makini ya fundi.

"Usitoke nje ya mstari, mwalimu," alisema.

Simu ililia. Ngowa aliishika kwa vidole viwili ili asiipake. Alikuwa Zeina wa kituoni.

"Mwalimu, nimesikia yamekwenda vizuri, alhamdulillahi," alisema Zeina. "Mzee amepokelewa?"

"Amepokelewa. Fomu imesainiwa."

"Basi nataka nijue kuhusu kitanda chake. Kuna watu watatu wanangoja. Nikitoe?"

Shangazi aliinua kichwa, na tone la rangi likamteremkia nyuma ya sikio.

"Nani huyo?"

"Ni wale wa kituo. Wanaulizia kitanda cha baba."

Shangazi alifikiri. "Kipana?" aliuliza.

"Cha mtu mmoja."

"Waambie wangoje kidogo," alisema, akainamisha tena shingo. "Tuone kwanza rangi itashika vipi."

Ngowa alimwambia Zeina angoje kidogo. Kisha akatazama saa. Pakiti ilisema nusu saa, na zilikuwa zimepita dakika sita.